Maiki nne, kishikwambi kimoja: ninunue intafesi gani?

Maswali ya wasomaji kwa fundi sauti

SWALI: Fundi, nakusalimu. Mimi ni mpiga dramu wa bendi ya watu wanne. Tumechoka kurekodi mazoezi kwa simu iliyowekwa juu ya kiti, maana matoazi yanameza kila kitu na kiki, ile dramu kubwa ya mguu, haisikiki kabisa. Kompyuta hatuna. Tuna iPad moja yenye tundu la USB-C, na maiki nne tulizokusanya polepole: moja ya kiki, SM57 moja, na kondensa mbili ndogo zinazofanana. Nimeona intafesi, vile vifaa vya kupitisha sauti ya maiki hadi kwenye kishikwambi: zenye matundu mawili ambazo naweza kuzimudu leo, zenye matundu manne ambazo itabidi nijichange kwanza, na zenye matundu manane ambazo kwangu bado ni ndoto. Mwenzetu anasema tusihangaike, tununue mikisa ndogo yenye USB yaishe. Nifanye nini, na pesa yangu ianzie wapi?

JIBU: Subiri, ndugu yangu. Jichange mpaka uifikie ile ya matundu manne, na ukiifikia hakikisha ni priampu nne za kweli, yaani vipandishi vya sauti ya maiki, na kwamba kifaa kinakuja na adapta yake ya umeme wa ukutani. Ningekujibu hivyo hivyo hata ungeniamsha usiku wa manane, kwa sababu maiki ulizozitaja ndizo nilizoanza nazo, na ndizo ninazozirudia mpaka leo ninapotaka dramu zisikike kama dramu: moja kwenye kiki, moja kwenye sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Ila kati ya hapo ulipo na hiyo intafesi kuna mitego, na wa kwanza umechapishwa kwenye boksi lenyewe.

Mtego huo ni namba. Intafesi nyingi hupewa jina kwa kuhesabu njia za kuingiza sauti na za kuitoa, na mpiga dramu akiona 4 anafikiri maiki nne. Chukua Focusrite Scarlett 4i4. Ni kifaa kizuri, lakini priampu zake za maiki ni mbili. Njia nyingine mbili ni za laini, yaani za vyombo kama kinanda. MOTU M4 nayo ni hivyo hivyo. Hakuna aliyemdanganya mtu hapo, njia nne zipo kweli, na kwa mpiga kinanda zinatosha na kubaki. Kwako wewe mwenye dramu hiyo ni intafesi ya maiki mbili.

Tofauti yenyewe si ndogo. Sauti inayotoka kwenye kinanda huja tayari ina nguvu. Inayotoka kwenye maiki ni dhaifu mno, aghalabu ni sehemu za elfu za volti tu, na ndiyo maana mlangoni panawekwa priampu ya kuipandisha. Tundu la laini halina kipandishi hicho, wala halitoi zile volti 48 ambazo kondensa zako haziwezi kuishi bila hizo. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, geuza kifaa mbele na nyuma, hesabu kwa kidole matundu yanayopokea plagi ya pini tatu, ile tunayoiita XLR. Yakiwa manne, kisha karatasi ya maelezo nayo ikasema priampu nne za maiki, hapo mmeelewana.

Mwenzenu wa mikisa ana nia njema, na mikisa si kitu kibaya. Tatizo ni kwamba mikisa nyingi ndogo zenye USB hupeleka kwenye kishikwambi treki mbili tu, kushoto na kulia, zikiwa zimeshachanganywa. Mtaingiza maiki nne, mtapata wimbo mmoja uliokwisha kuamuliwa. Baadaye mkiona kiki iko chini, maji yaliyomwagika hayazoleki: ukiipandisha, unapandisha na matoazi. Na mtu anayepiga hawezi kuchanganya vizuri huku mikono yote miwili ina vijiti. Zipo mikisa zinazotoa kila chaneli peke yake. Zoom L-12, kwa mfano, ina priampu nane, inapeleka kila njia kwenye kishikwambi, na inaweza pia kurekodi kwenye kadi yake ya SD bila kishikwambi kabisa. Hiyo ni ya daraja la juu kuliko unachotafuta. Nimeitaja ili mjue swali la kumuuliza muuzaji: ukirekodi kwa USB, zinaingia treki ngapi kwa pamoja? Akijibu mbili, iacheni.

Sasa upande wa kishikwambi. Kompyuta huwekewa draiva, yaani programu ndogo inayoitambulisha intafesi kwa mashine. iPad kwa kawaida haiwekewi draiva ya kila mtengenezaji. Inapokea vifaa vinavyofuata kanuni ya jumla ya USB ya sauti, vile unavyochomeka na vikatambulika papo hapo. Intafesi nyingi za siku hizi ziko hivyo, lakini zipo zinazohitaji kuambiwa. Steinberg UR44C ina swichi kwa nyuma ya kuiweka katika hali hiyo, na ukiisahau utakaa ukidhani kebo ni mbovu. Soma ukurasa wa mtengenezaji. Ukiona iPad imetajwa kwa jina lake katika orodha ya mashine zinazofanya kazi na kifaa hicho, una amani.

Kisha umeme, na hapa nitakuchelewesha kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Tulikuwa tunarekodi bendi kwa kishikwambi, intafesi ikinywa umeme kutoka kwenye kishikwambi hicho hicho kupitia kigawio cha USB cha kuazima. Wimbo wa tatu, mpiga dramu akaingia katika hali ile ambayo sisi tuliokaa na wanamuziki tunaijua: mabega yameshuka, macho yamefumba, kila pigo linatua mahali pake. Mwenzangu akaona betri imeshuka, akachukua chaja akaichomeka kwenye kigawio, kimya kimya, asije akamkatisha. Kigawio kilipopata umeme mpya kilijizima na kujiwasha upya, kitu cha sekunde moja. Intafesi ikapotea, kurekodi kukasimama. Mpiga dramu alipiga wimbo ule mara nne nyingine siku hiyo, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyofika pale. Namkumbuka alivyoniangalia alipofungua macho. Tangu siku hiyo chaja yangu inachomekwa kwanza, kabla sijafungua programu, na haiguswi mpaka mwisho. Na kigawio cha kuazima sikitumii.

Ukitazama hesabu utaona kwa nini jambo hili halikwepeki. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni yake hutoa miliampu 500 kwa volti 5, yaani wati mbili na nusu. Humo humo zile priampu, umeme wa kondensa, kipaza cha hedifoni na ubongo wa kifaa vyote vinadai fungu lao. Matundu mapya ya USB-C hutoa zaidi ya hapo, lakini kila kinachotoka kinatoka kwenye betri yako, na iPad yako ina tundu moja tu la kuingizia na kutolea. Intafesi yenye adapta yake ya ukutani inakuondolea shida hiyo: inakula kwake, na kishikwambi kinabaki na kazi ya kurekodi tu. Wenye iPad za zamani za tundu la Lightning ndio wanaohitaji hili kuliko wote. Wao watumie ile adapta ya kamera ya Apple ya USB 3, yenye tundu la pili la kuchajia. Bila hivyo watasoma kwenye kioo kwamba kifaa kinataka umeme mwingi mno, na safari itaishia hapo.

Kwa majina, basi. Kwa mfuko uliobana ningeanza na Behringer UMC404HD. Ina priampu nne za kweli, ina adapta yake ya umeme, haihitaji draiva kwenye iPad, na kila chaneli ina kitufe cha kupunguza sauti inayoingia, kitu ambacho kwa dramu ni cha thamani kuliko taa na urembo wote. UR44C niliyoitaja nayo ina priampu nne na adapta yake. Audient EVO 8 ina nne pia na inaweza kujipimia geini (kiasi cha kupandisha sauti) yenyewe unapopiga, jambo linalomfaa mtu anayejirekodi peke yake akiwa amekaa nyuma ya sneya, ila hiyo hunywa umeme wa USB, kwa hiyo rudi kwenye kisa changu hapo juu kabla hujaichagua. Za nane, Behringer UMC1820 na Tascam US-16x08, zipo kwa siku mtakapotaka maiki kwenye kila tomu. Siku hiyo haijafika. Nimesikia rekodi nyingi za maiki nane zilizowekwa kwa haraka, na ningezibadilisha zote kwa rekodi moja ya maiki nne zilizopimwa kwa uzi.

Usiogope iliyotumika. Nenda na maiki moja ya kondensa na kebo moja, upitie chaneli zote nne kwa zamu, washa volti 48 kila mara na usikilize. Zungusha kila nobu taratibu: ikikwaruza, vumbi limeingia. Tikisa kidogo plagi ya USB, kwa sababu tundu lililolegea halina rafiki karibu na kiki. Na adapta ya umeme iwe ile ile iliyokuja na kifaa, au yenye volti, ampea na mpangilio wa chanya na hasi ulioandikwa nyuma ya kifaa. Hapo usikisie.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo huyapigia kelele nawe huna haja ya kuyalipia. La kwanza ni ukimya wa priampu. Anayerekodi mtu anayenong'ona, au gitaa la nyuzi za nailoni, anauhitaji. Dramu hainong'oni. Karibu na ngozi ya sneya sauti hupita desibeli 120, na SM57 yako hapo itataka geini ndogo sana. Unachohitaji wewe ni nafasi ya juu, yaani intafesi isiyopasua sauti unapopiga kwa nguvu, na ndiyo sababu nasisitiza kile kitufe cha kupunguza, hasa kwa kondensa. Kifaa kisipokuwa nacho, kuna vipunguzi vidogo vinavyochomekwa katikati ya kebo. Hivyo vinasaidia kwenye maiki za dainamiki, zisizohitaji volti 48 kama SM57, ila kwa kondensa hakikisha kipunguzi kinapitisha volti 48.

La pili ni ile 192 iliyoandikwa kwa herufi kubwa, yaani sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde. Rekodi kwa kilohezi 44.1 au 48, biti 24, ulale usingizi. Kwa 48 na biti 24, treki moja inakula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, nne zinakula kama 35. Wimbo wa dakika tano ni megabaiti 170 na kitu kila mnaporudia, na mtarudia. Ukipanda hadi 192 unazidisha mara nne, kishikwambi kinajaa katikati ya jioni, na sikio halijapata kitu.

Kuhusu geini, piga kwa nguvu kuliko unavyodhani utapiga, kisha weka vilele viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo. Sisemi hivyo kwa uoga. Kila mpiga dramu niliyewahi kumrekodi aliongeza nguvu taa nyekundu ilipowaka, bila kujua. Kwa biti 24 huna sababu ya kukaribia juu. Sauti iliyo chini utaipandisha baadaye, iliyopasuka imekwenda.

Sasa maiki zenyewe, maana intafesi bora haitakuokoa hapa. Mpangilio wenu unaendana na njia ya Glyn Johns, fundi sauti Mwingereza, na sijapata sababu ya kuiacha. Maiki ya juu ya kwanza inasimama kama mita moja juu ya sneya, ikitazama chini. Ya pili haikai juu upande wa pili kama wengi wanavyodhani. Inashuka pembeni ya tomu kubwa ya sakafuni, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama sneya na haihati (yale matoazi mawili ya mguu) ng'ambo. Siri iko kwenye umbali: zote mbili ziwe mbali sawasawa na katikati ya sneya. Mimi nina uzi wenye fundo unaokaa ndani ya mfuko wa maiki zangu. Mtu mmoja anashika ncha moja katikati ya ngozi ya sneya, mwingine anaupeleka uzi kwenye maiki ya kwanza, anabana kwa kidole pale ulipofika, kisha anauzungusha hadi maiki ya pili. Usipofika, sogeza stendi.

Sababu ni hii. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, maana yake sentimita 34 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maiki moja ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 17 tu, pigo la sneya linaifikia likiwa limechelewa nusu ya hapo. Ukizichanganya treki mbili, mawimbi ya karibu na hezi 1,000 yanakutana moja likipanda lingine likishuka, yanafutana. Unasikia sneya imekonda, imekuwa kama inapigwa ndani ya bomba, na unaanza kulaumu priampu. Nimeona mtu akiuza intafesi nzima kwa kosa la stendi.

Maiki ya sneya ikae sentimita tatu hadi tano juu ya ukingo, itazame katikati, na mgongo wake uipe haihati kisogo. SM57 husikia kidogo sana kwa nyuma, itumie tabia hiyo. Ya kiki iingize kupitia tundu la ngozi ya mbele kama lipo, ielekee pale nyundo inapogonga. Ukiisukuma ndani unapata ukali wa pigo, ukiivuta nje unapata uzito. Kisha rekodi sekunde ishirini, sikiliza kiki pamoja na zile za juu, na kama programu yako ina kitufe cha kugeuza polariti, yaani kupindua wimbi juu chini, kibonyeze kwenye kiki. Upande utakaokupa besi zaidi ndio wako. Dari likiwa chini, zishushe maiki kuliko kuziacha zikilisogelea, na tandika zulia chini ya dramu zote.

Programu isikusumbue. GarageBand ni ya bure na inaweza kurekodi treki nyingi kwa pamoja, ila kuna swichi ya jambo hilo ndani ya mipangilio ambayo lazima uitafute, na kila treki uiambie inasikiliza tundu lipi. Mkikua, Cubasis ipo, na tangu 2023 Logic Pro ipo kwenye iPad kwa malipo ya kujisajili. Kuchelewa kwa sauti, ambako waimbaji hukulalamikia sana, kwako si tatizo: dramu unazisikia moja kwa moja chumbani. Weka bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) kubwa, 256 au zaidi, kishikwambi kipumue. Vaa hedifoni zilizofunga masikio ili mlio wa kuhesabia usivuje kwenye maiki za juu, na zima mawasiliano yote ya kishikwambi kabla ya kuanza.

Umeuliza pesa ianzie wapi. Ianzie kwenye ngozi za dramu. Najua si jibu ulilolitarajia kwa swali la intafesi, lakini wakati unajichanga kwa ajili ya ile ya matundu manne, badilisha ngozi ya sneya iliyochoka na ujifunze kuikaza kwa sikio, skrubu moja baada ya nyingine kwa kupishana, mpaka kila kona itoe noti ile ile. Kisha stendi mbili nzito ambazo hazitashuka katikati ya wimbo, na kebo za XLR. Intafesi ifuate. Utakapoifungua, itakukuta una kitu cha kurekodi.

SWALI: Mimi nimeshanaswa, fundi. Nilinunua intafesi nikiamini ni ya maiki nne, kumbe ina mbili na laini mbili nyuma. Siwezi kuirudisha. Nina pia mikisa kuukuu isiyo na USB. Nifanyeje?

JIBU: Pole, lakini hukupoteza ulivyodhani. Hiyo mikisa kuukuu ina priampu ndani yake. Chomeka maiki mbili kwenye mikisa, ya kwanza ielekeze kushoto kabisa, ya pili kulia kabisa, halafu toa waya kutoka matundu makuu ya kutolea sauti ya mikisa hadi zile laini mbili za nyuma. Kishikwambi kitaziona kama treki ya tatu na ya nne, kila moja peke yake. Sneya na kiki zipitie mikisa, kwa kuwa hazihitaji volti 48 wala ukimya mkubwa. Za juu zikae kwenye priampu za intafesi. Zima madoido na vipimo vyote vya toni kwenye mikisa, na weka vilele chini kama nilivyoeleza hapo juu.

Na siku mikisa ikigoma, rekodi kwa maiki mbili bila huzuni: moja kwenye kiki, nyingine juu ya bega la kulia la mpigaji, usawa wa kichwa chake, ikitazama sneya. Hapo maiki inasikia karibu kile ambacho mpigaji mwenyewe anakisikia. Sawazisha kwa kupiga: toazi likizidi, lipige taratibu zaidi. Nimewafundisha vijana kurekodi kwa njia hii kabla ya kuwapa maiki ya tatu, na walianza kupiga vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

SWALI: Kishikwambi changu ni cha Android. Je, haya yote yananihusu?

JIBU: Yanakuhusu kwa tahadhari. Android ilianza kutambua sauti ya USB kwenye mfumo wake tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, lakini kutambua kifaa ni jambo moja, kupokea treki nne kwa pamoja ni jingine, na vishikwambi havifanani. Zipo programu zinazokuja na draiva yao wenyewe ili kuruka kikwazo hicho. Audio Evolution Mobile ni mojawapo, na draiva hiyo hulipiwa ndani ya programu. Kwako intafesi yenye adapta yake ya ukutani si ya hiari, kwa kuwa vishikwambi vingi vya Android vikishaanza kuhudumia kifaa cha USB haviwezi kuchajiwa kwa wakati ule ule.

Usinunue kwa kusikia. Beba kishikwambi chako, kikiwa na programu tayari, hadi ilipo intafesi. Fungua treki nne, ziandae zote kurekodi, kisha gonga kila maiki kwa ukucha, moja moja. Mshale ukicheza kwenye treki sahihi mara nne, na kurekodi kukaendelea dakika kumi bila kukatika, lipa.

SWALI: Dramu zangu ni za umeme. Ninahitaji priampu nne?

JIBU: Huhitaji hata moja. Moduli yako, kile kisanduku cha sauti cha dramu za umeme, ina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, tena yenye nguvu ya laini, hivyo intafesi ndogo kabisa yenye laini mbili inatosha. Tazama kwanza nyuma ya moduli. Ikiwa na USB, soma kijitabu chake: baadhi hupeleka sauti yenyewe kwa USB, na hapo kebo tu inamaliza kazi, nyingine hupeleka MIDI peke yake, yaani taarifa ya ulichopiga na kwa nguvu gani, bila sauti. Ukiweza kupata vyote viwili, rekodi vyote kwa pamoja. Sneya uliyoichagua leo ukiichoka mwezi ujao, utabadilisha sauti yake na mapigo yako yatabaki yale yale.